Kutoka Nairobi Mpaka London: Maili Ngapi na Saa Ngapi?

Mzazi auzaye ng'ombe wake wawili, akaitisha harambee ya ndugu na majirani, akakamilisha nauli ya mwanawe aendaye kusoma Uingereza, amekwisha kufanya kazi kubwa. Lakini kazi hiyo yote yaweza kuharibika kwa jambo dogo sana, nalo ni kutosoma sawasawa tarakimu nne zilizoandikwa katika tikiti. Wengi wajua bei ya safari. Walio wachache ndio wajuao urefu wa njia, muda wa kuwa angani, na jinsi saa za kule zinavyohitilafiana na saa za huku. Basi yafaa mambo hayo yaelezwe moja baada ya jingine, maana mwenye kuyajua hapotezi fedha wala hapati aibu mbele ya watu.

Urefu wa njia

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mpaka uwanja wa Heathrow, London, ni kilomita 6,840 hivi, ambazo ni sawa na maili 4,250. Ili msomaji apate picha ya urefu huo, na aikumbuke barabara ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa, kisha aihesabu mara kumi na nne. Mtu mwenye miguu mizuri, awezaye kutembea maili 20 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, angetumia miezi saba kuimaliza njia hiyo, kama ardhi ingekuwa moja tangu mwanzo hata mwisho na kama bahari isingekuwapo.

Wakati mwingine watu wawili hubishana juu ya hesabu hii, mmoja akisema ni 4,250, na mwenziwe akisema ni 3,700, na wote wawili wakawa na haki. Sababu ni kwamba marubani na mabaharia wana maili yao, iitwayo maili ya baharini, nayo ni ndefu kuliko maili ya barabarani. Maili ya baharini ni mita 1,852. Ya barabarani ni mita 1,609. Kwa hiyo njia ile ile ikipimwa kwa kipimo kirefu, hesabu yake huwa ndogo, kama vile gunia moja la mahindi lipimwavyo kwa debe likatoa hesabu moja, na likipimwa kwa kibaba likatoa nyingine, na mahindi ni yale yale.

Namna ya kupata urefu huo si siri. Dunia ni mviringo, na katika mviringo njia fupi kuliko zote si ile ionekanayo kuwa fupi katika ramani iliyotandazwa mezani. Mwalimu mwenye tufe la dunia darasani aweza kuwaonyesha watoto wake. Na aushike uzi, aweke ncha moja juu ya Nairobi na nyingine juu ya London, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi wenyewe utajitafutia njia iliyo fupi. Ataona kwamba unapita juu ya Sudan Kusini, kisha Sudan, kisha Libya karibu na mji wa Benghazi, halafu unavuka bahari ya Mediterania, unapita Italia, unaruka milima mirefu ya Alps, unapita Ufaransa, na mwisho unafika London. Ndiyo njia ambayo ndege ingeifuata kama ingekuwa peke yake duniani na kama nchi zote zingekuwa na amani. Jambo hili la amani litaelezwa mbele.

Siku kumi, kisha siku moja, kisha usiku mmoja

Zamani, kabla ya eropleni, abiria alishuka Mombasa kwa gari moshi, akapanda meli, akapita Aden, Bahari ya Sham na mfereji wa Suez, na alishukuru akifika Uingereza baada ya wiki tatu au zaidi. Barua ilitumia muda huo huo. Mama mwenye mtoto ng'ambo aliandika kuuliza hali ya ugonjwa, na jibu lilipofika, mgonjwa alikuwa amekwisha pona au amekwisha zikwa.

Tarehe 28 Februari, 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza, katika Ziwa Victoria, ikipita Misri, Khartoum na Kisumu. Muda wake ulikuwa siku kumi. Mwaka 1932 njia hiyo iliendelezwa mpaka Cape Town. Eropleni za siku zile zilikwenda kama maili 100 tu kwa saa, nazo hazikusafiri usiku. Jua likituama, abiria walishuka na kulala hotelini, wakaamka alfajiri kuendelea. Tena sehemu moja ya njia katika Ulaya ilipitwa kwa gari moshi, kwa kuwa Serikali ya Italia haikuwapa Waingereza ruhusa ya kupita angani kwake. Toka mwaka 1937 zilikuja ndege kubwa zaidi zenye kutua majini, na watu wa Kisumu na Mombasa waliziona zikishuka juu ya maji kama bata.

Badiliko kubwa lilitokea tarehe 2 Mei, 1952. Siku hiyo ndege iitwayo Comet, isiyo na panga za kuzunguka mbele ya injini zake, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima haikutimiza hata saa 24. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa ndege ya namna hiyo kuchukua abiria wa kulipa nauli katika safari za kawaida. Watu walistaajabu, na wengine walidhani kwamba taabu ya safari imekwisha kabisa.

Lakini mwendo huo ulidai malipo yake. Mwaka 1954, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Aprili, Comet mbili zilivunjika angani juu ya bahari karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakafa. Ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka. Wataalamu walichukua mwili wa ndege moja, wakautia katika tangi kubwa la maji, wakausukuma na kuulegeza maelfu ya mara, kama vile hewa ya ndani ya ndege isukumavyo kuta zake kila ipaapo na kulegea kila ituapo. Mwisho bati lilipasuka. Ikajulikana kwamba chuma nacho huchoka, kama waya ukunjwao na kukunjuliwa mara nyingi mpaka ukakatika. Ndege zote zilizojengwa baadaye zimefaidika kwa somo hilo, na kila abiria alalaye salama angani leo anadaiwa shukrani na wale waliokufa mwaka ule.

Katika Nairobi uwanja uliokuwa ukitumika, wa Eastleigh, haukufaa tena kwa ndege kubwa. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwezi Mei, 1958. Haifai kusahau ni mikono ya nani iliyousawazisha uwanda ule. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu waliofungwa siku za Hali ya Hatari, wakichimba na kubeba mawe juani pasipo hiari yao. Mwaka 1960 shirika la East African Airways, lililokuwa mali ya nchi za Afrika ya Mashariki kwa pamoja, lilipata Comet zake mpya zilizorekebishwa, nazo zikaenda London. Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka 1978, na baada ya Mzee Jomo Kenyatta kufariki mwezi Agosti mwaka huo huo, uwanja ulipewa jina lake. Mtu aingiaye ndani kwa viatu vilivyong'arishwa na akumbuke kwamba anakanyaga jasho la wengine.

Hesabu ya saa za angani

Ndege ya siku hizi ya safari ndefu hukata kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kugawanya 6,840 kwa 900, naye atapata muda wa saa saba na nusu na zaidi kidogo. Lakini akitazama tarifa ya ndege ataona imeandikwa muda wa saa nane na nusu, na mara nyingi tisa. Je, saa moja na zaidi imekwenda wapi?

Kwanza, ndege haianzi na mwendo wake wote. Hutambaa uwanjani polepole, hungoja zamu yake, kisha hupanda kwa muda wa nusu saa hivi kabla ya kufika juu kunakofaa. Kule mwisho hupunguza mwendo, na penye msongamano, kama vile London, huenda ikazungushwa mara mbili au tatu ikingoja nafasi ya kutua.

Pili, kuna upepo. Huko juu upande wa kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo London huelekea kaskazini na magharibi, kwa hiyo hukutana nao kwa sehemu. Irudiyo Nairobi husukumwa nao kidogo. Ndiyo maana kurudi huwa kwepesi kuliko kwenda.

Tatu, na hili ndilo la kuhuzunisha, kuna vita vya wanadamu. Ule uzi wa mwalimu ulipita juu ya Sudan na Libya. Machafuko yaliyoanza Libya mwaka 2011 yalifanya ndege nyingi ziikwepe anga yake. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili, 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege za njia ya Nairobi na London zikalazimika kuzunguka, zikichoma mafuta zaidi na kutumia muda zaidi. Hivyo watu waliopigana Khartoum waliirefusha njia ya mwanafunzi wa Murang'a asiyewajua wala wasiyemjua. Panya wa nyumba moja hudhuru hata ghala la jirani.

Jambo jingine lahusu Nairobi yenyewe. Uwanja wake uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo, na injini pia. Wakati wa adhuhuri, jua likiwa kali, hewa huzidi kuwa nyepesi. Ndiyo sababu barabara ya ndege pale ina urefu upitao kilomita nne, na ndiyo sababu ndege yenye mzigo mzito na safari ndefu hupenda kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi. Mfano mzuri ni ndege ya Kenya Airways iliyoanza kwenda New York bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba, 2018. Njia hiyo ina kilomita 11,800 na zaidi, na kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi. Ndege ya namna hiyo hujaza mafuta mengi mno, nayo hupanda vema zaidi kukiwa na ubaridi wa usiku.

Saa za kule na saa za huku

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, na jua huwatokea watu wa mashariki kwanza. Kwa hiyo saa ya Nairobi imetangulia saa ya London. Wakati wa baridi ya Ulaya tofauti ni saa tatu. Toka Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti huwa mbili.

Asiyelijua hili hushangaa. Ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku mwezi wa Septemba, ikaruka kwa muda wa saa tisa, itafika wakati wa Nairobi ni saa tatu asubuhi. Lakini saa ya ukutani London itasema saa moja asubuhi. Abiria atadhani kwamba amesafiri kwa saa saba tu. Akirudi, akaondoka London saa nne asubuhi na kuruka kwa saa nane na nusu, atatua Nairobi saa mbili na nusu usiku, naye atahesabu saa kumi na nusu. Hapo ataeleza watu kwamba ndege ya kurudi ilikuwa goigoi, kumbe ndiyo iliyokwenda mbio zaidi. Dawa ya kosa hili ni rahisi. Atwae ile saba, aongeze ile kumi na nusu, kisha agawanye kwa mbili. Atapata saa nane na robo tatu, nao ndio wastani wa kweli wa safari moja, maana tofauti ya saa iliyoongezwa upande mmoja imepunguzwa upande wa pili.

Tarakimu nne za tikiti

Sasa yaja lile jambo lililotajwa mwanzoni. Katika tikiti saa huandikwa kwa hesabu ya 24, ikianzia usiku wa manane, na siku mpya huanza hapo hapo. Lakini Waswahili, tangu kale, huihesabu siku toka jua lituapo, na katika nyumba nyingi za bara watu husema tu "usiku wa tarehe fulani" wakiwa na maana ya usiku ufuatao mchana wa tarehe hiyo.

Chukua mfano wa tikiti iliyoandikwa 00:10, tarehe 12 Septemba. Mzee wa familia aisoma vizuri kabisa: ni saa sita na dakika kumi za usiku, tarehe 12. Basi siku hiyo ya tarehe 12 kunapikwa, maombi yafanywa, shangazi na wajomba wapanda matatu mbili, na jioni wote wafika Embakasi wakiimba. Msichana asogea mezani na pasipoti yake. Karani aitazama tikiti, kisha amtazama yule mzee, na kusema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mzee. Ndege hii iliondoka usiku wa kuamkia leo." Mzee ajibu, "Mwanangu, leo si tarehe 12?" Karani asema, "Ndiyo, mzee, ni tarehe 12. Lakini saa sita usiku ya tarehe 12 ilikuwa jana, baada ya chakula cha jioni."

Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna mjinga katika kisa hicho. Ni kalenda mbili zilizogongana. Lakini tikiti nyingi za bei nafuu hazirudishi fedha za mtu asiyetokea, na ng'ombe wawili hawapatikani tena kwa wiki moja. Kwa hiyo kila aonaye tikiti yenye saa ianziayo na 00 au 01 na akate shauri hili: msafiri aondoke nyumbani siku iliyotangulia. Kwa ndege ya 00:10, tarehe 12, msafiri awe uwanjani saa tatu usiku wa tarehe 11, yaani kiasi cha saa tatu kabla ya kuruka, apate nafasi ya kupimiwa mizigo na kukaguliwa hati zake. Ni vema pia kuandika maneno haya kwa Kiswahili katika karatasi na kuibandika ukutani: "Usiku wa kuamkia tarehe 12." Hapo hata nyanya asiyejua kusoma tarakimu za tikiti ataelewa akisomewa.

Na mtoto akiisha fika, baba asimpigie simu saa mbili asubuhi ya Nairobi, halafu akanung'unika kwamba amekuwa na kiburi cha Ulaya. Kule ni alfajiri, naye amelala.

Saa ni mali ya mkulima

Karani aweza kudhani kwamba habari hizi ni za wasafiri tu. Mkulima wa Naivasha au wa Kirinyaga ajua kuwa sivyo. Waridi likatwalo asubuhi huwekwa mahali pa baridi, hupelekwa uwanjani, na kwa usiku mmoja laweza kuwa Ulaya. Mishiri michanga husafiri vivyo hivyo. Mazao hayo hayawezi kungoja, maana kila siku ipoteayo njiani huondolewa katika siku za kukaa kwake mezani mwa mnunuzi, na bei hushuka.

Mwezi Aprili, 2010, mlima wa moto uitwao Eyjafjallajökull, katika kisiwa cha Iceland, ulitoa majivu mengi, na kwa muda wa siku sita hivi anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa. Majivu hayo yakiingia katika injini huyeyuka na kuiziba. Katika Kenya mvua ilinyesha na maua yalichanua kama kawaida, lakini hapakuwa na ndege za kuyachukua. Maua na mboga zilitupwa kwa wingi, nyingine wakalishwa ng'ombe, na maelfu ya vibarua waliambiwa wakae nyumbani. Mlima ulio kwenye barafu ulizima moto wa jikoni katika Naivasha.

Maparachichi nayo, kwa kuwa ni mazito na yana uvumilivu, hupelekwa zaidi kwa meli katika makasha ya baridi, kwa muda wa wiki kadhaa. Meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Sham toka mwisho wa mwaka 2023, nyingi zilizunguka kusini mwa Afrika, na matunda mengine yalifika yakiwa yameiva kupita kiasi. Mkulima mwenye busara huchagua zao lake kwa udongo na mvua. Lakini mwenye busara zaidi huuliza pia: zao hili litakaa njiani saa ngapi, na njia hiyo yapita wapi?

Maili 4,250 zilizo kati ya viwanja hivi viwili hazikupungua hata moja tangu mwaka 1931. Kilichopungua ni siku kumi, ambazo zimekuwa usiku mmoja, na wakati uliobaki ni mdogo kiasi kwamba kosa la saa chache laweza kuipoteza safari nzima. Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuagana, familia na waitoe tikiti mezani, waisome pamoja, na yule mdogo aliye shuleni amweleze babu yake usiku ule ni wa kuamkia siku gani.